Wiki Mbili Kati ya Dirisha na Tuta

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, na poleni kwa kubanana. Naona madaftari mengi, na naona mama mmoja pale nyuma kaja na mche wake wa nyanya kwenye kopo. Mama, sogea mbele tafadhali, uuweke hapa mezani. Leo huo ndio ubao wetu wa kufundishia.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuanza bustani ya mboga nyumbani kwa kutumia miche, majira haya ya kuchipua. Pengine mlitarajia nianze na jembe. Jembe litasubiri. Nitaanza na siku ambazo wengi hawazitii kwenye hesabu: zile za katikati, tangu mche utoke dirishani au kwa muuza miche mpaka uingie ardhini. Miche mingi niliyowahi kuipoteza niliipotezea hapo, wala haikuwa kwa wadudu wala kwa kukosa mbolea.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na miche 12 ya nyanya niliyoilea ndani kwa wiki 7. Ikaja siku moja ya jua tamu, watu wanatembea bila makoti, nami uvumilivu ukanishinda. Nikachimba, nikapanda, nikamwagilia, nikaingia ndani nikijisifu. Usiku ule anga lilikuwa safi, nyota zote nje, jani halitikisiki. Asubuhi nikakuta majani meusi yamelegea kama mboga iliyotoka chunguni. Miche 11 ilikwenda. Mmoja ulipona, nao ulipona kwa sababu nilikuwa nimeusahau chini ya ndoo niliyoifudikiza pale jioni.

Ndoo ile ilinisomesha kuliko kitu chochote. Udongo hukusanya joto mchana, na usiku huliachia likapanda angani. Wingu likiwepo, huwa kama blanketi, joto jingi linabaki chini. Upepo ukiwepo, huchanganya hewa ya juu na ya chini. Wingu likikosekana na upepo ukakosekana, joto lote linaondoka, na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, hutiririka kama maji ikatuama sehemu za chini. Tuta langu lilikuwa mwisho wa mteremko! Jalidi, ile baridi ya usiku inayogandisha, ikishuka, maji yaliyo ndani ya jani huganda, na barafu hiyo huharibu seli zake. Jua linapokuja kuyeyusha, jani halina tena kitu cha kulishikilia. Ndoo ilifanya kazi ya wingu.

Kwa hiyo mchana mmoja wa joto haukupi habari yoyote ya maana. Uliza usiku. Usiku wa wiki nzima unasemaje? Bustani yako iko mwinuko au bondeni? Karibu na ukuta unaoota jua mchana na kutoa joto usiku, au wazi katikati ya uwanja?

Kuna jambo jingine linalosaidia kuliko kalenda, nalo ni kujua kila mboga kwao ni wapi. Mababu wa nyanya walitoka magharibi mwa Amerika Kusini, wenyeji wa Meksiko wakaikuza, na Wahispania wakaivusha bahari kwenda Ulaya katika karne ya 16. Pilipili, maboga na maharage ya kawaida nayo ni ya Amerika. Tango asili yake ni India, na biringanya ni ya Asia. Hao wote ni watoto wa joto. Jalidi kwao ni kifo, na hata baridi isiyofikia kuganda huwadumaza. Sasa tazama upande wa pili. Kabichi na ukoo wake wametokana na mimea ya pwani za Ulaya, njegere na letusi zinatoka maeneo ya Mediterania na Mashariki ya Kati, spinachi inatoka Uajemi na hustawi kwenye miezi ya ubaridi. Hawa wakishazoeshwa hustahimili jalidi nyepesi, na jua kali likija ndipo wanapoharibikiwa: letusi inarefuka, inatoa maua, majani yanakuwa machungu.

Maana yake bustani yako moja ina tarehe mbili. Kabichi, letusi na spinachi zinaweza kutangulia, wiki kadhaa kabla jalidi ya mwisho haijapita. Nyanya, hoho, biringanya na matango zinasubiri mpaka jalidi iishe kabisa na usiku ushikilie nyuzi joto 10 au zaidi. Tena pimeni udongo, si hewa peke yake. Chukua kipimajoto, kichomeke kina cha sentimita 10 asubuhi, kabla jua halijauchangamsha. Nyanya inataka kuanzia nyuzi 15 hivi, hoho inataka zaidi ya hapo. Ukiipanda kwenye udongo baridi haitakufa, itakaa tu. Mtaona majani yanapata rangi ya zambarau upande wa chini, mtu anakimbilia mbolea. Rangi hiyo huja mmea ukikosa kirutubisho kiitwacho fosforasi, nayo mara nyingi imo humo humo udongoni, ila mizizi iliyopoa inashindwa kuichukua. Nimeona nyanya iliyopandwa wiki 3 baadaye ikaipita ile iliyotangulia, na mwenye ile ya kwanza hakuamini macho yake. Mwenyewe nilikuwa mimi.

Kijana mmoja kaniuliza mlangoni: kwa nini tusipande mbegu moja kwa moja tukaachana na usumbufu huu wa miche? Swali zuri. Karoti na figili panda mbegu moja kwa moja, wala usihangaike na miche, maana mzizi ndio chakula chenyewe, na ukiusumbua unagawanyika miguu miwili mitatu. Maharage na njegere pia huota haraka zenyewe. Lakini nyanya huhitaji wiki 6 hadi 8 tangu mbegu mpaka mche wa kupandikiza, hoho 8 hadi 10, na baada ya hapo bado kuna miezi ya kukua na kuzaa. Mahali penye majira mafupi ya joto, ukisubiri udongo upate joto ndipo uweke mbegu, utavuna nyanya za kijani. Tango na boga ziko katikati: miche yake iwe michanga, wiki 3 au 4, na mizizi isiguswe kabisa.

Haya, turudi kwa mama. Mama, usinikasirikie. Tuutazameni mche huu. Ni mrefu, shina jembamba, umeinama upande mmoja, na tayari una ua. Watu 9 kati ya 10 wakiwa sokoni watauchagua huu na kuuacha ule mfupi mnene wa pembeni, kwa sababu huu ni mkubwa na una ua, unaonekana umekaribia kuzaa. Kumbe unaomba msaada. Urefu huu umetokana na kukosa mwanga. Mche gizani hukimbilia juu kuutafuta. Kuinama kunaonyesha dirisha lilikuwa upande gani. Na ua hili, kwenye kopo dogo namna hii, ni mche uliobanwa unaowahi kuacha uzao.

Ukienda kununua, chagua mfupi. Shina nene, majani ya kijani kibichi yaliyokaribiana. Geuza jani uangalie upande wa chini, vidukari hujificha huko. Halafu uombe ruhusa uuchomoe kidogo kwenye kopo. Mizizi myeupe inayoshikilia udongo ni mizuri. Mizizi ya kahawia iliyojizungusha mviringo mviringo kama kamba ndani ya debe imekaa muda mrefu mno. Ukiipanda hivyo hivyo, mara nyingi huendelea kuzunguka hapo hapo kama vile kopo bado lipo. Ifungue kwa vidole, kama ni lazima ikate kidogo pembeni. Muuzaji akikataa usiutazame mzizi, basi nenda kwa mwingine.

Sasa tufike kwenye kile nilichokuja kukisema.

Mche uliolelewa ndani haujawahi kuona jua. Mnacheka, lakini hesabuni. Mwanga hupimwa kwa luksi, na jua la mchana likiwa wazi hufikia luksi 100,000 hivi. Ndani ya chumba, hatua chache kutoka dirishani, mnapata mia kadhaa tu. Jicho letu halioni tofauti hiyo kwa sababu linajirekebisha, ila jani linaiona. Jani la ndani ni jembamba, nta inayolifunika ni hafifu, na vitundu vyake vya kupumulia havijazoea kufunga haraka hewa ikikauka. Shina nalo halijawahi kusukumwa na upepo, halina sababu ya kuwa gumu. Umtoe mtoto wa namna hiyo umsimamishe juani saa sita mchana! Baada ya siku moja majani yanakuwa na mabaka meupe kama karatasi. Watu wanadhani ni ugonjwa, wanapulizia dawa. Ni kuungua tu.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kwa hiyo tunaukomaza. Siku ya kwanza utoe nje kivulini, pasipo upepo mkali, muda wa saa moja au mbili, kisha uurudishe ndani. Siku ya pili ongeza kidogo. Siku ya nne au ya tano uonjeshe jua la asubuhi, lile laini. Endelea hivyo, jua likiongezeka na maji yakipungua kidogo, si kwa kuutesa mpaka ulale chali, ila udongo wa juu ukauke kabla hujamwagilia tena. Siku za mwisho ulale nje, kama usiku si wa baridi kali. Siku 7 zinatosha kwa haraka. Mimi napendelea 10 hadi 14. Mwishoni mtauona umebadilika. Rangi imeiva, jani ukilishika lina ukakamavu, shina halipindi ovyo.

Upepo usiuogope. Mimea inayotikiswa hukua mifupi na minene kuliko inayokaa imetulia, jambo ambalo limethibitishwa na watafiti wengi, nanyi mnaweza kulijaribu wenyewe: mkiwa bado mnailea ndani, pitisheni kiganja juu ya miche mara chache kila siku, polepole, kama mnapapasa kichwa cha mtoto. Wa nyumbani kwangu wakinikuta nafanya hivyo hawasemi neno, ila najua wanalo.

Najua pia nani ataruka hatua hii. Mwenye kazi ya ofisini. Anatoka asubuhi, anarudi jioni, nani wa kuitoa na kuirudisha? Mimi mwenyewe niliwahi kuitoa saa moja asubuhi nikakumbuka saa saba mchana. Ushauri wangu ni kuanza siku mnayopumzika, muwe nayo siku mbili mfululizo, halafu katikati ya wiki muiache mchana kutwa mahali penye kivuli cha kudumu, kwa mfano upande wa nyumba usiopigwa na jua. Si kamilifu, ila ni bora mara mia kuliko kuiunguza. Na kwa mliyonunua, msidhani muuzaji kaikomaza. Uliza ilikuwa inalala ndani au nje.

Siku ya kupanda yenyewe. Panda jioni, au siku ya mawingu, mche uwe na usiku mzima wa kujipanga kabla jua halijauhoji. Mwagilia kopo saa chache kabla, udongo ushikamane na mizizi. Ukiutoa, ushike kwa jani au kwa bonge la udongo, usiushike kwa shina. Jani likikatika mche utaota jingine. Shina ni moja tu.

Kina ni suala ambalo kila mboga ina lake. Nyanya uizamishe. Toa majani ya chini, ifukie mpaka karibu na majani ya juu. Shina lililozikwa litaota mizizi urefu wake wote. Hoho ipande kwa kina kile kile ilichokuwa nacho kwenye kopo au kupita kidogo. Kabichi inaweza kushushwa mpaka chini kidogo ya majani yake ya mwanzo. Letusi usithubutu: ukiufunika moyo wake kwa udongo, unaoza. Kama mmenunua miche iliyo kwenye vikopo vile vinavyoozea ardhini, chaneni ule ukingo wa juu au muufukie kabisa, kwa sababu ukibaki nje hufanya kazi kama utambi, unanyonya unyevu kutoka kwenye mizizi na kuutupa hewani.

Nafasi. Hapa ndipo moyo wa mwanzilishi unapomsaliti, kwa sababu mche ni mdogo na tuta linaonekana tupu. Nyanya sentimita 45 hadi 60, hoho 40 hivi, kabichi 45, letusi 25 hadi 30, boga mita nzima au zaidi. Pimeni kwa rula, msipime kwa jicho. Na tuta lenyewe lisizidi upana wa mita 1.2, mweze kufika katikati kutoka pande zote mbili bila kulikanyaga. Kwa mwaka wa kwanza tuta moja dogo linatosha. Nimeona watu wanalima uwanja mzima kwa shangwe, kufika katikati ya msimu magugu yamewashinda, wanakwepa hata kupita upande ule.

Udongo nitaupitia haraka, unahitaji siku yake. Kuna methali isemayo udongo uwahi ungali maji. Hiyo ni ya mfinyanzi, si ya mkulima! Udongo ulioloa ukiulima unashindiliwa, ukikauka unakuwa matofali. Chukua konzi moja ukamue. Ukibaki donge linalong'aa, rudi nyumbani. Ukigusa kwa kidole likamomonyoka, endelea. Changanya mboji iliyoiva vizuri. Samadi mbichi hapana. Inaunguza mizizi na ina vijidudu ambavyo hutaki viguse saladi yako. Na mbolea yenye nitrojeni nyingi mwanzoni itakupa mnyanya mzuri kama msitu, usio na nyanya.

Maji. Siku ya kupanda mwagilia kwa ukarimu, mpaka udongo ukae vizuri kuzunguka mizizi. Wiki ya kwanza usiuache ukauke. Baadaye badilisha tabia: maji mengi mara moja au mbili kwa wiki, kama lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki pamoja na mvua, ni bora kuliko kunyunyizia kila jioni. Ukinyunyizia juu juu, mizizi inabaki juu juu. Chomeka kidole mpaka kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu huko, acha. Mkiona majani yamenywea saa nane mchana, msikimbilie keni ya maji. Rudini jioni mtazame. Yakiwa yamesimama, mmea ulikuwa unajikinga na jua tu. Na mwagilieni kwa kipimo kisichoyumba, kwa sababu nyanya inayopata kiu leo na mafuriko kesho inashindwa kupeleka madini ya kalisi kwenye tunda, ndiyo mnaona kitako cheusi kilichooza mkidhani ni ugonjwa wa kuambukiza.

Matandazo kila mtu anayasifu, nami nayasifu, ila si mapema. Mkitandaza majani makavu juu ya udongo ambao bado una baridi, mmeifunika baridi hiyo ikae humo. Subirini udongo upate joto.

Wadudu, kwa kifupi. Asubuhi mkikuta mche umelala, umekatwa usawa wa ardhi kama kwa mkasi, huyo ni sota, kiwavi anayejificha udongoni. Fukueni pembeni kwa kidole, mtamkuta kajikunja. Mwakani, au kesho, zungushieni kila mche kipande cha karatasi ngumu, kizame ardhini sentimita 2 au 3. Konokono nendeni mkawaokote usiku na tochi. Haipendezi, lakini inafanya kazi.

Mama, sijakusahau. Mche wako hatuutupi. Kwa bahati ni nyanya. Ingekuwa letusi au kabichi ningekuwa na maneno mengine. Leo usiupande. Kuanzia kesho uanze kutoka nje, muda wa saa moja, kivulini. Wiki mbili zikitimia na usiku ukiwa umetulia, usichimbe shimo la kwenda chini, chimba mfereji mfupi. Toa majani yote isipokuwa kishada cha juu, laza shina humo kwa upande, lifukie, kichwa tu kitokeze. Siku mbili tatu kitajinyanyua chenyewe kuelekea juu, na huo urefu wote unaotuhuzunisha hapa utageuka mizizi.

Ila ua hilo liondoe sasa hivi, hapa hapa mezani. Najua linauma. Fumba macho kama unataka. Haya, limetoka. Nani mwingine kaja na mche?